Jina Alilolikimbia Mama Pasi

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi ni mchokozi. Nimekuwa mchokozi tangu sijaota meno, na uzee haujanitibu. Anayetaka dada mkubwa mwenye busara, wa kukaa kitako na kutoa ushauri, aende nyumba ya pili. Mimi kazi yangu ni kusuka nywele, na msusi akinyamaza wateja wanahama.

Lakini leo sijisemi mimi. Namsema mdogo wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pasi. Nyumba yake huhitaji kuelekezwa, unafuata harufu ya wanga na sabuni ya mche mpaka mlangoni. Chumba cha mbele kinafunguka barabarani. Humo kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake, pasi ya umeme, pasi ya mkaa inayosubiri umeme ukatike, na kamba zinazokatiza huku na huku zikiwa zimebeba mashati ya watu. Nyuma ya chumba hicho ni sebule, nyuma ya sebule ni ua. Anaishi na mwanawe wa pekee, fundi friji asiyependa maneno mengi, na mke wa huyo fundi friji, na sasa mjukuu.

Mdogo wangu haandiki jina la mteja hata siku moja. Nguo ikiingia anaigeuza ndani nje, anashona alama ya uzi penye mshono: nukta za kijani, mstari wa njano, kitanzi chekundu. Mwenye nguo naye anapewa jina kutokana na nguo zake. Mwalimu mstaafu anayevaa shati mpaka kola inalika, kisha anapeleka kola igeuzwe aivae upande wa pili, huyo ni Kola Mbili. Karani mnene wa kule stoo ni Bwana Kwapa. Kuna mama mmoja ana heshima zake, kila kikundi yeye ndiye mwenyekiti, lakini kwenye chumba kile anaitwa Mchuzi, maana hajawahi kuleta gauni lisilo na tone kifuani. Wenyewe wanajua na wanaitika, kwa sababu mtu aliyeshika suruali yako huwezi kugombana naye.

Ungedhani mtu aliyewabandika watu wote majina hana shida na majina. Kumbe ndiye mwenye shida kuliko wote.

Mdogo wangu alipozaliwa alipewa jina la bibi yetu, mama yake baba. Jina lenyewe ni Mashavu. Hata wakati ule lilikuwa jina la kizee, la watu waliokwisha kung'oka meno. Bibi alikuwa nayo hayo mashavu, yalikuwa yanatangulia kuingia mlangoni ndipo yeye anafuata. Mdogo wangu yeye alizaliwa mwembamba na akakua mwembamba, uso mifupa mitupu. Basi shuleni asubuhi mwalimu akiita majina, akifika kwake, darasa zima linajaza hewa mdomoni na kupuliza. Kila asubuhi. Mwalimu mwenyewe anainamisha kichwa ili asionekane anacheka. Nilipigana na baadhi yao kwa niaba yake, wengine nao wakanipiga mimi, lakini darasa zima huliwezi.

Aliyekuwa anamwita jina hilo kwa raha ni bibi peke yake. Alikuwa na namna yake. Analivuta katikati, kisha mwishoni analiachia taratibu, na mdogo wangu popote alipo anajibu, "Abee, bibi. Nakuja," na anakuja kweli, mbio, mikono anafutia kwenye gauni. Mimi nilikuwa naitwa mara tatu ndipo nasikia. Yeye mara moja tu.

Bibi akafariki. Mdogo wangu akawa msichana mkubwa, akaenda kuomba kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli, nami nikamsindikiza. Msimamizi akamuuliza jina. Ukutani palikuwa na kalenda ya kampuni ya sabuni, na picha ya mwanamke anacheka, mikono imejaa povu, jina lake limeandikwa chini. Mdogo wangu akamtazama yule mwanamke, akalitaja jina lake kama vile amelitumia tangu kuzaliwa. Mimi nimesimama pembeni, macho yamenitoka pima. Tulipofika nje akanishika mkono. "Dada, niapie. Lile la zamani usiniite tena mpaka nife." Nikaapa, kwa sababu alikuwa analia, na kwa sababu nilidhani yatapita.

Hayakupita. Kwa jina la kalenda akaajiriwa, akaandikishwa, akaolewa. Mumewe, Mungu amrehemu, amekufa hajui. Mwanawe hajui. Baadaye Mama Pasi akaja akalimeza hata lile la kalenda, wenzetu wa darasani wakatawanyika, na wazazi wetu wakafariki na lile walilompa. Tukabaki wawili tunaolijua, yeye na mimi, na yeye amelikataa.

Mimi sioni haya kusema lililonituma. Nilikuwa nimemkosa mdogo wangu. Ninaye mmoja tu, na nimezeeka naye bila kumwita. Namwita "wewe". Namwita "mdogo wangu". Nikiwa mlangoni kwake nabisha hodi na kumwita Mama Pasi, kama mtu aliyeleta mashuka. Na siku hizi nikisimama kusuka kichwa kirefu napata kizunguzungu, nikajua sina miaka ya kuchezea. Nikiondoka mimi, hatabaki mtu hapa duniani atakayejua kwamba alikuwapo Mashavu wa kwetu. Hilo lilikuwa linaniuma, linaniuma sana, na nilikuwa nimekula kiapo.

Ndipo mjukuu akazaliwa. Msichana, tena mnene, mashavu yale yale ya bibi, yamekaa kama maandazi mawili yaliyoumuka. Nilipomwona nilicheka peke yangu pale kitandani, mama yake akaniuliza nacheka nini, nikamwambia furaha.

Huyu mkwe wetu nampenda. Anakaa mapokezi kwenye zahanati, kazi yake ni kuita wagonjwa dirishani. Na kwa upande wa jina ana kisirani chake, maana lake ni lile ambalo nusu ya wasichana wa rika lake wanalo. Darasani kwao walikuwa wengi hivi kwamba walimu waliwapa namba, yeye akawa "wa Nne" mpaka akamaliza shule. Mpaka leo ukimwita jina lake anageuka kwa mashaka, kama anauliza ni yupi kati yetu.

Nilikwenda kumsuka siku moja mchana, tumekaa sebuleni, yeye chini kwenye mkeka, mimi kwenye kiti, mtoto amelala kwenye mto pembeni. Mtu anayesukwa ni mfungwa wako, kichwa chake umekishika. Chumba cha mbele mdogo wangu anapiga pasi.

"Mama Mkubwa," mkwe akaniambia, "mimi nataka jina ambalo nikiliita, anageuka mtu mmoja. Pale dirishani naita jina wanasimama watatu. Juzi mmoja nusura aende kung'olewa jino la mwenzake."

"Mume wako anasemaje?"

"Anasema lolote, mradi tumwache alale."

"Jina la mtu mmoja hulipati kwenye haya ya sasa," nikasema, huku nagawa nywele kwa kitana. "Labda ya kizamani."

"Hayo hasa ndiyo nayataka. Kama lipi?"

Nikajifanya nafikiri. "Kwetu kulikuwa na bibi mmoja," nikasema.

Pasi ikanyamaza. Pasi ina sauti zake, inagonga meza, inateleza, inapumua ikikutana na maji. Zote zilikatika.

"Bibi mzaa baba," nikaendelea. "Akiitwa Mashavu."

Sikuvunja kiapo. Niliapa kutomwita mdogo wangu, sikuapa kutomtaja bibi yangu. Mtu akitaka kunibana anibane, lakini hapo hanipati.

Mkwe akalirudia jina polepole. Akageuza shingo, na nywele zake nikiwa nimezishika, akamtazama mtoto. Akaanza kucheka, kicheko kizuri cha mtu aliyeokota kitu chake. "Mama Mkubwa, si ndiye huyu?"

Mdogo wangu akatokea mlangoni, suruali ya Bwana Kwapa ipo mkononi. Akanitazama mimi kwanza. Kama macho yangekuwa yanaunguza ningebaki majivu.

"Jina gani hilo mnaloliongea?"

"La bibi yenu, Mama. Mashavu. Zuri, si ndiyo?"

"Ah. Yule." Nikaona anatafuta pa kushika. "Yule alikuwa mwizi wa kuku."

Nusura nijichome kitana. Mkwe ndiyo kwanza akakaa vizuri. "Kweli, Mama? Alikuwa anaiba vipi?"

Hapo ndipo mdogo wangu alipoanza kuharibu. Angesema tu ni jina baya, yakaisha. Lakini hajazoea kudanganya, na mtu asiyezoea kudanganya akianza hajui pa kusimama. Akasema bibi alikuwa anawavutia kuku kwa punje mpaka ndani, anafunga mlango, anaimba kwa sauti ili wasisikike. Mkwe akacheka mpaka mtoto akaamka.

Kesho yake akaongeza chumvi. Bibi aliwafukuza waume, mmoja baada ya mwingine, tena kwa mwiko. "Mwanamke shupavu," mkwe akasema. Siku iliyofuata, bibi alikuwa anakoroma mpaka majirani wakahama. Kisha bibi akampiga kibao kiongozi mmoja mbele ya watu. Nilikuwa nashinda pale kila siku sasa, wateja wangu wa nywele niliwaambia naumwa mgongo. Kila uongo aliokuwa akileta ili kuliua jina, mkwe anaupokea kwa mikono miwili. Mwishowe nikaona amempenda marehemu bibi yangu kuliko sisi tuliokuwa hai.

Masengenyo yalipogoma, mdogo wangu akamwendea mwanawe. Alikuwa uani amejikunja nyuma ya friji la mtu. Akamwambia jina la mtoto ni kazi ya baba. Fundi friji akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mama, mimi nikibisha nalala wapi?" Akarudi kwenye nyaya zake.

Basi akamgeukia Kola Mbili. Alimfundisha cha kusema kabla ya kumpa mashati yake, nami niko sebuleni nasikia kila neno. Mzee wa watu akajikohoza, akaingia mpaka kwa mkwe, ameshika mashati kifuani kama anakwenda kutoa hotuba.

"Nimesikia mnataka kumpa mtoto jina la Mashavu," akasema. "Mimi nimefundisha miaka mingi. Jina hilo halifai. Sijawahi kuwa na mwanafunzi wa jina hilo hata mmoja."

"Hata mmoja, Mwalimu?"

"Hata mmoja. Hata kusikia nimesikia hapa kwenu."

"Kwa hiyo likiitwa, anageuka mtu mmoja tu."

Kola Mbili akafikiri, maana ni mtu mkweli. "Hapo kweli," akasema. "Basi mpe, mwanangu." Akatoka zake. Mdogo wangu akamsindikiza kwa macho mpaka akapotea.

Hakufua dafu, na nilikuwa nakaribia kufurahi kabisa, kama si shati moja. Siku ile ile jioni nilipita chumba cha mbele nikakuta moshi. Mdogo wangu amesimama, pasi imekaa juu ya shati la Kola Mbili lililokuwa limebaki, na yeye anatazama ukuta. Niliinyanyua mimi. Alama ya pasi ilikuwa imebaki mgongoni mwa shati, kahawia. Mdogo wangu hajawahi kuunguza nguo ya mtu. Alianza kazi akiwa msichana na hakuwahi hata kuacha mkunjo. Ule uchokozi ukanikauka mdomoni.

"Uliapa," akaniambia.

"Niliapa nisikuite. Nimekuita?"

"Mwondolee mtoto jina hilo, dada. Wewe ndiye umeleta, wewe ondoa."

"Ondoa mwenyewe. Mwambie mkwe wako ukweli, ataacha."

"Nikimwambia nitakuwa nimelisema." Akaikunja ile kola iliyopona, akaikunjua, akaikunja. "Wewe hukukaa kwenye lile dawati. Wewe ulikuwa unawapiga halafu unaenda kucheza. Mimi nilikuwa nakaa. Yule mtoto simtakii asubuhi hata moja ya namna ile."

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimenyong'onyea, nikajiuliza kama niache. Nakiri nilikaribia kuacha. Lakini kukawa na kitu kinanikera. Bibi alikuwa ameitwa mwizi, mkorofi na mkoromaji kwa siku hizo zote, na katika uongo wote ule, mdogo wangu hakusema hata mara moja kwamba hakumpenda. Alishindwa. Angeweza kumaliza kazi kwa neno hilo moja, na hakuliweza. Nikaona bado kuna mtu mle ndani.

Ikafika Jumapili. Jumatatu mkwe alikuwa anakwenda kumwandikisha mtoto, na jina alikwisha kulichagua, imebaki kuandikwa. Fundi friji yuko uani na friji lake. Mkwe amembeba mtoto begani, anatembea huku na huku kwenye kivuli cha nguo zilizoanikwa. Mimi nimekaa kwenye kigoda, nakata kucha, nimejitia hamnazo. Mdogo wangu yuko chumba cha mbele, amejikaza kisabuni, pasi inagonga kuliko kawaida. Milango yote iko wazi kwa sababu ya joto.

"Mwanangu," nikamwambia mkwe, "jina hilo umelisema sana, lakini hujaliita. Kesho utaandikisha kitu ambacho hujakijaribu."

Akasimama. "Nilijaribu kimoyomoyo."

"Kimoyomoyo hata langu ni zuri. Liite."

"Kwa sauti yangu ya dirishani?"

"Hiyo inakwaruza, utamwamsha mtoto. Bibi zetu walikuwa wanaita hivi. Unalivuta katikati, halafu mwishoni unaliachia taratibu." Nikamnong'oneza sikioni jinsi linavyokwenda. Nilinong'ona, na si kwa ajili ya mtoto.

Mkwe akajaza kifua. Akageuka kuelekea nyumbani, kwa sababu huko ndiko sauti inakorudi vizuri, akaita.

"Mashaaavu."

"Abee, bibi. Nakuja."

Sauti ilitoka chumba cha mbele, na haikuwa ya Mama Pasi. Ilikuwa nyembamba, ya kitoto, sijaisikia tangu tukiwa na miguu ya vumbi. Tukasikia ndala zinakuja, zinavuka sebule kwa haraka, na mdogo wangu akatokea uani anafutia mikono kwenye gauni lake. Akasimama wima mbele ya mlango, uso umeinuka, anasubiri kutumwa.

Kisha akatuona sisi.

Niliisubiri saa hiyo kwa hamu. Nilikuwa nimejiandaa kucheka mpaka nidondoke kwenye kigoda. Kicheko hakikuja. Nilianza kulia kama mtoto, makasi ya kucha mkononi, hata sikujua nilie upande gani.

Fundi friji akatoka nyuma ya friji, bisibisi mdomoni. Akaitoa. "Mama," akasema, "nani ameitwa?"

Mdogo wangu alikuwa na nafasi ya kudanganya. Nilimwona anaitazama. Angeweza kusema amesikia vibaya, amedhani mteja. Badala yake akakaa juu ya tenga la nguo chafu, taratibu.

"Mimi," akasema. "Nimeitwa mimi."

Hapo ikabidi aseme yote, darasa na kupuliza na kalenda. Alisema kwa ufupi, macho chini, kama mtu anayetoa nguo za watu kwenye fungu. Mwanawe alisikiliza amesimama. Alipomaliza, fundi friji akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo muda wote huu sikujua mama yangu anaitwa nani."

"Unanijua, baba. Jina ndilo hukuwa nalo."

"Na bibi?" mkwe akauliza. "Wale waume, ule mwiko?"

"Hakumfukuza mtu. Hakukoroma. Alikuwa ananibeba mgongoni mpaka nilipokuwa mkubwa wa kutia aibu." Sasa ndiyo alikuwa analia. "Nimemchafua bibi yangu wiki nzima, na ndiye mtu pekee aliyenipenda kwa jina lile. Mungu anisamehe."

"La kuku ni kweli," nikasema.

"Nyamaza wewe."

Lakini ni kweli. Nilikula baadhi yao.

Mkwe akachuchumaa mbele ya lile tenga, mtoto kifuani. Nikaona amechanganyikiwa, maana jina lake la mtu mmoja lilikuwa limeshapata mtu. "Mama, ni lako," akasema. "Ukisema nisiliandikishe, siliandikishi. Nitatafuta jingine leo leo."

"Atachekwa, mwanangu."

"Wewe ulichekwa peke yako. Huyu akichekwa, mtakuwa wawili." Akamtazama mama mkwe wake usoni. "Na huu mtaa wamcheke mjukuu wa Mama Pasi halafu wavae nini?"

Fundi friji akacheka, jambo ambalo ni adimu kuliko mvua ya kiangazi. Mdogo wangu hakucheka. Akanyoosha mikono, akapewa mtoto. Akamwangalia kwa muda, akamgusa shavu moja kwa kidole cha kupimia joto la pasi, yaani kwa haraka, kisha akarudisha kidole na kukiacha hapo.

"Simpi," akasema.

Mkwe akaanza kuinuka, mdogo wangu akaendelea.

"Nimelificha maisha yangu yote, sasa nilitoe hivi hivi uani? Namwazima. Nikiwa hai ni langu, yeye anaazima. Na likiitwa, naitika mimi kwanza."

Mkwe akakubali masharti. Jumatatu akaandikisha.

Mtoto sasa anatembea, anavuta nguo za watu kwenye kamba, anachapwa kidogo na hajali. Na masharti yanafuatwa. Mkwe akitoka uani na kuita, "Abee" ya kwanza inatoka chumba cha mbele, na mtoto amekwisha kujifunza kwamba akinyamaza, bibi ndiye atakayekwenda kutumwa. Amekaa pale sakafuni, mashavu yake hayo, anatutazama. Namwona mchokozi wa baadaye na nafsi yangu inatulia. Mkwe analalamika kwamba alitafuta jina ambalo likiitwa anageuka mtu mmoja, na amelipata, ila anageuka yule asiyemwita.

Wateja nao waliambiwa. Kola Mbili, kwa utani wa kizee, alipokuja kuleta nguo alijaza hewa mashavuni na kupuliza. Mashati yake yalitoka safari ile na wanga mwingi kiasi kwamba wiki nzima alikuwa akitaka kutazama pembeni anageuka mwili mzima. Hajarudia.

Mimi saluni yangu iko upande wa pili wa mtaa, na njia fupi haipiti kwa mdogo wangu. Siku hizi napita hiyo ndefu, na kizunguzungu changu. Nikifika mlangoni kwake sibishi hodi. Nasimama barabarani, watu wanapita, namwita jina lake nikilivuta katikati.

"Abee, dada," anajibu, na pasi inanyamaza. "Unasemaje?"

"Hakuna kitu," namwambia. "Nilikuwa napita."